Barua ya wazi kwa shule zinazowapokea watoto wa Lamu: sanduku limepangiwa, mtoto hakupangiwa

Kwa walimu wakuu na bodi za shule za sekondari pevu za kundi la C1, zilizokuwa zikiitwa shule za kitaifa. Kwa maafisa wa Wizara ya Elimu wanaopanga wanafunzi wa Gredi ya 10. Na kwa wenye kusimamia basari, yaani msaada wa karo, katika Kaunti ya Lamu.

Waheshimiwa, assalaam aleikum, na salamu njema kwenu nyote.

Matokeo ya KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, yakishatoka na nafasi zikapangwa, mzazi wa Amu (mji wa Lamu), Faza, Kiunga au Mpeketoni huitoa barua ya kujiunga mtandaoni, akaipiga chapa, akaanza kuisoma kwa kidole. Sanduku la chuma, moja. Godoro la futi 2.5 kwa 6. Mashuka jozi 2, blanketi, ndoo, kufuli, viatu vyeusi vya ngozi, raba, kamusi, kikokotoo. Orodha hujaza kurasa, na kila kitu kina idadi yake. Ndani ya kurasa hizo zote hamna mstari unaosema mtoto akifika getini atapokewa na nani, usiku wa kwanza atalala karibu na nani, lini atasikia sauti ya mamake, wala atafanyiwa nini akishikwa na homa usiku. Sanduku limepangiwa, mtoto hakupangiwa. Hilo ndilo lililotufanya tuwaandikie.

Sisi ni walimu wa sekondari msingi, wauguzi na walezi wa hapa Lamu, tunaowatayarisha watoto hawa kabla hawajaondoka na kuwapokea wanaporudi. Hatuombi huruma katika alama. Nafasi hupangwa kwa asilimia 60 za KJSEA, asilimia 20 za KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, na asilimia 20 za tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Mtoto aliyefika C1 kwa kipimo hicho ana uwezo wa kusoma hapo. Anayerudi nyumbani mwezi wa Machi na kukataa kuondoka tena, au anayebaki akanyamaza na kudidimia, mara nyingi si masomo yaliyomshinda. Ni mambo madogo madogo ya wiki sita za mwanzo, na mengi katika hayo yanazuilika kwa pesa kidogo au bila pesa yoyote. Kumbukeni pia kwamba sekondari msingi zimo ndani ya shule za msingi, na nyingi ni za kutwa. Wengi wa watoto hawa hawajawahi kulala nje ya kwao ila kwa shangazi au kwa bibi.

Tuanze na safari, kwa kuwa shule nyingi za bara huihesabu kuwa ya siku moja. Kutoka Mokowe, gati la Lamu upande wa bara, hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na Mombasa hadi Nairobi ni karibu 480 nyingine. Kabla ya Mokowe kuna bahari. Mtoto wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, hutegemea boti, na boti hufuata maji. Maji kujaa huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo boti iliyong'oa nanga alfajiri ya Jumatatu haitaondoka saa hiyo Ijumaa. Akifika Amu hulala kwa jamaa, maana mabasi ya Mombasa huondoka Mokowe asubuhi na kusafiri mchana. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, sehemu za barabara hiyo zimekuwa zikipitwa kwa kusindikizwa na polisi. Hiyo ni siku ya pili. Ya tatu ni kutoka Mombasa kwenda bara, kwa basi au kwa treni ya Miritini. Mtoto wa kisiwa cha Pate atakiwaye kuripoti Jumatatu asubuhi hutoka kwao Ijumaa.

Na hapo hatujataja hitilafu. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, masika yameshika na kusi imeanza kuvuma. Novemba 2023, na tena katika mvua za 2024, Mto Tana ulifurika ukaikata barabara upande wa Gamba, magari yakasimama. Mtoto aliyekwama hapo na begi lake si mtoro, lakini tumeona barua za adhabu zikimngojea.

Tunachoomba ni siku 3 za nyongeza baada ya siku ya kuripoti kwa wanaotoka Lamu, Tana River na kaunti nyingine za mbali, na kitanda chao kisipewe mwingine kabla siku hizo hazijaisha. Wageni wazungushwe shuleni mara mbili: siku ya kwanza, na tena siku ya nne. Anayechelewa hukosa mzunguko wa kwanza, kisha wiki nzima haijui njia ya maabara wala ya zahanati, na kwa haya zake hamwulizi mtu.

Godoro nalo, kama mnaweza, liruhusiwe kununuliwa mji ulio jirani na shule, na barua itaje bei yake huko. Godoro la sponji likisafirishwa kwa boti hupigwa na mawimbi likanywa maji ya chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Bara, kwenye baridi, godoro hilo halikauki. Mtoto hulalia unyevu muhula mzima akikohoa, na wenzake husema ni kikojozi.

Karo. Shule za bweni za C1 hutoza shilingi 53,554 kwa mwaka, nazo hulipwa kwa mgawo wa 50, 30 na 20, kwa hiyo muhula wa kwanza pekee ni 26,777, kabla ya nauli na sanduku. Basari haiombwi ila barua ya kujiunga ipatikane. Kisha fomu, kisha kikao cha kamati, kisha hundi. Mara nyingi hundi hufika shuleni mtoto ameshasoma wiki kadhaa, na katikati hapo ndipo hutumwa nyumbani kuleta karo. Kumtuma karo mtoto anayekaa mwendo wa saa mbili ni usumbufu. Kumtuma mtoto wa Kiunga ni kumtupa barabarani peke yake siku tatu kwenda na tatu kurudi, na ana miaka 15. Wenye basari: kaeni kikao ndani ya siku 10 baada ya nafasi kutangazwa, na waliopangwa shule za mbali washughulikiwe kwanza, kwa sababu nusu ya karo yao inadaiwa Januari. Kama hundi haijawa tayari, toeni barua ya ahadi yenye kiasi na muhuri. Walimu wakuu: ipokeeni barua hiyo kama malipo hadi mwisho wa muhula, na deni likibaki mpigieni mzazi. Mtoto asiwe tarishi wa deni.

Kuhusu hijabu tutasema machache. Shule hii huiruhusu, ile haiiruhusu, na hata baada ya kesi ya hijabu kuamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2019 wazazi bado hugundua kanuni ya shule wakiwa getini. Andikeni wazi katika barua ya Desemba: inaruhusiwa au hairuhusiwi, rangi gani, urefu gani. Msichana asivuliwe mtandio mbele ya foleni ya wageni siku yake ya kwanza.

Sasa bweni. Watoto wa Lamu wakiwa wanne au watano, shule huwa na njia mbili, na zote mbili zina kasoro. Ama huwatawanya kila mmoja bweni lake, wakanyamaza. Ama huwaweka wote chumba kimoja, wakafanya kijiji chao pembeni na muhula ukaisha hawajui jina la mtu. Wawekeni wawili wawili. Mmoja ana wa kuzungumza naye usiku, na wote wawili wanalazimika kutafuta wengine mchana.

Kila mgeni apewe mwenyeji wa darasa la mbele yake kwa siku 10. Asiwe kiongozi wa bweni, maana huyo ana mamlaka na mgeni atamwogopa. Asiwe yule anayejitolea kwa sauti kubwa kuliko wote. Wanaowataka wageni kwa pupa wengine wana nia ya kuwafulisha nguo. Kazi ya mwenyeji iandikwe: kumpeleka chakulani mara tatu kwa siku, kumwonyesha maji hupatikana wapi na saa ngapi, kumfundisha kila kengele ina maana gani, na kumwonyesha mahali pa kuanika nguo zisiibiwe. Watu wazima hudhani mambo haya hayahitaji kufundishwa. Kwa mtoto, kutojua kengele ya saa kumi na moja alfajiri ni ya kuoga au ya kufagia kunatosha kumpokonya usingizi.

Simu ni dawa, lakini ina wakati wake. Simu ya kwanza isiwe usiku wa kwanza. Iwe siku ya tatu, na baada ya hapo mara moja kwa wiki, dakika 10, siku na saa isiyobadilika. Saa kumi alasiri, kabla ya michezo, ndiyo bora. Mtoto akilia saa hiyo, nusu saa baadaye yuko uwanjani. Akipigiwa saa tatu usiku, kilio kinampeleka kitandani, na bweni zima linamsikia. Chukueni namba mbili za kila mzazi na mwulize hupatikana saa ngapi: baba mvuvi akiwa baharini hana mtandao, na mtoto aliyepiga mara tatu pasipojibiwa hufikiri mengine. Mwambieni mzazi, kwa maandishi, jambo moja: asiahidi "ukishindwa nitakuja kukuchukua." Neno hilo husemwa kwa mapenzi, lakini mtoto akishalisikia haachi kungoja, na anayengoja kuchukuliwa hafungui sanduku lake. Aseme lini watazungumza tena, na atimize.

Kwa mtoto Mwislamu, ambaye ni sehemu kubwa ya watoto wetu ingawa si wote (watoto wengi wa Mpeketoni na mji wa Hindi ni Wakristo, na safari yao ni ile ile), kuna Ramadhani. Ya 2026 iliingia wiki ya tatu ya Februari. Ya 2027 inatarajiwa wiki ya pili ya mwezi huo, na ya 2028 mwishoni mwa Januari. Kwa miaka hii, basi, kila kundi jipya la Gredi ya 10 hufunga likiwa na wiki tatu hadi sita tu shuleni, halijajua hata jikoni mlango uko wapi. Shule ikijipanga, mwezi huu humtuliza mtoto kuliko jambo jingine lolote, kwa sababu ni kitu cha nyumbani alichokuja nacho. Isipojipanga, ndio mwezi anaoporomoka.

Mambo huharibikia kwenye saa. Chakula cha jioni shuleni hupakuliwa mapema, mara nyingi saa kumi na mbili, na jua la mji wa Kikuyu, karibu na Nairobi, mwezi wa Februari huzama kama dakika arubaini na tano baadaye. Mtoto huchukua ugali wake akauficha chini ya kitanda. Magharibi ikiingia umekuwa jiwe, kabeji imeganda mafuta, na saa moja kengele ya masomo ya jioni imelia. Hunywa maji akaenda darasani. Usiku huamshwa saa nane kwa kikombe cha uji mwepesi, na kufika saa nne asubuhi kichwa kinamwuma na ubaoni haoni kitu. Mwalimu huandika: mvivu.

Marekebisho yake ni haya. Chakula cha wanaofunga kipakuliwe mwisho na kiwekwe katika hotipoti kubwa zenye vifuniko, jina la bweni juu yake. Adhana ikiingia wapate tende 3 na kikombe cha uji moto. Wapewe dakika 25 kabla ya kuingia darasani: kumi za kufuturu, kumi za kuswali Magharibi, tano za njiani. Chakula chenyewe wale baada ya masomo ya jioni, kisha Isha na tarawehe ya rakaa 8, ambayo imamu akiwa na akili ya wanafunzi humaliza kwa nusu saa. Daku iwe saa kumi au kumi na robo alfajiri. Kuwaamsha saa nane ni kuwaibia usingizi bila faida. Iwe chakula kizito, githeri ya jioni iliyopashwa moto, viazi vitamu au yai, na vikombe viwili vya maji. Mpishi mmoja na moto wa sufuria moja vinatosha.

Wapeni ratiba ya swala ya mji ulipo, ibandikwe bwenini. Lamu iko mashariki zaidi, na jua lake huzama kama dakika 16 kabla ya la Kikuyu. Mtoto anayefuata saa ya kwao atakuwa amekula mchana.

Mwalimu wa michezo apunguze mbio za alasiri kwa wanaofunga. Mazoezi ya viungo na mafunzo ya kanuni yanaweza kujaza vipindi hivyo. Na tunaomba hili kwa nguvu zote: msichana anayeonekana akila mchana wa Ramadhani asiulizwe sababu mbele ya watu, wala jina lake lisisomwe kwenye orodha ya "walioacha kufunga." Siku za hedhi hafungi, na kumwuliza ni kumtangaza. Matroni atenge chakula cha mchana cha wote bila kuhesabu vichwa.

Chuo cha Kurani nacho kimekatika ghafla. Mtoto wa Amu amekuwa akienda chuoni au madrasa kila alasiri tangu utotoni, na wengine wamehifadhi juzuu kadhaa. Nusu saa mara tatu kwa wiki katika chumba kimoja kitupu, wakisomeshana wenyewe chini ya mwalimu mmoja mlezi, inawatosha.

Afya tuliiacha nyuma si kwa sababu ni ndogo. Kikuyu na Limuru ziko karibu mita 2,000 juu ya bahari au zaidi, na usiku wa Julai baridi huko hukaribia nyuzi 10. Hapa kwetu, joto kushuka chini ya nyuzi 22 ni nadra. Sweta moja la sare halitoshi. Ongezeni katika orodha fulana mbili za ndani za mikono mirefu, soksi za kulalia, na blanketi la pili. Kitu cha kuondoa ili zipate nafasi mnaweza kukipata, kiko.

Seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko Pwani, na watoto wenye ugonjwa huu hufaulu mitihani kama wenzao. Baridi, kiu na homa ndivyo vinavyoamsha maumivu yake. Kwa hiyo kuoga maji baridi alfajiri, ambako kwa mwingine ni ukakamavu, kwa mtoto huyu kunaweza kuishia hospitalini. Apate maji ya moto, aruhusiwe chupa ya maji darasani, na aruhusiwe kwenda msalani bila kuomba mara mbili. Figo zake hazishiki maji vizuri, hivyo hukojoa mara nyingi usiku, na wengine hujikojolea wakiwa wakubwa. Mpeni kitanda cha chini kilicho karibu na mlango, na tandiko la plastiki litiwe chini ya shuka bila maneno. Dawa zake za kila siku ziwe kwa muuguzi, na kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi asingojeshwe hadi asubuhi. Maumivu makali ya mifupa, macho kuwa ya manjano, au kifua kubana: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kumwita mdekaji mtoto wa namna hii ni hatari.

La pili ni malaria. Muuguzi wa shule ya nyanda za juu haioni kila siku, na mtoto akija na homa na kichwa wiki ya pili ya muhula huandikiwa dawa ya mafua. Malaria aliyoipata likizoni Witu, Hindi au Malindi kwa kawaida hujitokeza wiki moja hadi nne baada ya mbu kumwuma, yaani akiwa tayari bwenini. Utaratibu uwe rahisi: homa yoyote ya mtoto wa Pwani ndani ya mwezi mmoja wa kufika ipimwe malaria kwa kipimo cha haraka siku hiyo hiyo. Tone moja la damu kidoleni, na jibu hupatikana ndani ya nusu saa.

Tuingie darasani. Mtoto huyu tangu Gredi ya 7 ndiye aliyekuwa wa kwanza, na kwenu kila mmoja alikuwa wa kwanza kwao. Mtihani wa kufungulia muhula unapobandikwa ukutani, anaweza kujikuta wa 200 kati ya 300. Hakuna aliyemwambia kabla kwamba hilo litatokea, na kwamba si habari kuhusu akili yake. Tunaomba nafasi zisibandikwe muhula wa kwanza wa Gredi ya 10. Badala yake karatasi irudi ndani ya siku 3, na mtoto mwenyewe aandike kando ya kila alama aliyopoteza ni kosa la aina gani: hakulielewa swali, hakuwa amefundishwa, alijua akakosea katikati, au muda ulimwishia. Kila kosa lina dawa yake. La kwanza linataka mazoezi ya Kiingereza cha mitihani. La pili ni deni la mwalimu. La tatu linataka kuandika hatua zote. La nne linataka saa mezani. Mtoto aliyeona kwamba makosa yake mengi yalikuwa ya aina ya pili hupumua.

Na aina ya pili ni nyingi kwa aliyechagua mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati. Shule nyingi alikotoka hazina maabara. Amechora bureti daftarini bila kuishika. Tengeni vipindi sita vya mwanzo kwa mikono. Awashe kichomeo cha Bunsen: tundu la hewa lifungwe kwanza, kiberiti kiwake kwanza, ndipo gesi ifunguliwe, akifungua gesi kabla, itajaa mezani na kuripuka usoni. Asome bureti jicho likiwa usawa wa mbonyeo wa maji, asome sehemu ya chini ya mbonyeo huo. Aunganishe ameta mfululizo na voltimeta sambamba, na ajue kwa nini ameta ikiwekwa sambamba huungua. Vipindi sita tu, naye ataacha kusimama nyuma ya kundi akinakili majibu ya mwenzake.

Kuna jambo linalotuuma zaidi, na halihitaji hata senti. Mtoto wa Lamu huingia darasa la Kiswahili akifikiri hapo angalau yuko nyumbani. Akisema "ndia" badala ya "njia", "nti" badala ya "nchi", "moya" badala ya "moja", darasa huangua kicheko, na mwalimu naye hutabasamu. Hicho ni Kiamu, lahaja iliyotungiwa tenzi za kale ambazo darasa hilo hilo litaambiwa ni hazina ya fasihi. Baada ya vicheko viwili mtoto hafungui kinywa tena, si katika Kiswahili tu, hata katika Historia. Mwalimu aseme siku ya kwanza, mbele ya wote, kwamba hayo ni maneno sahihi ya lahaja na kwamba insha ya mtihani itaandikwa kwa Kiswahili sanifu. Ampe jozi ishirini za maneno azilinganishe daftarini. Asidhani pia kwamba mtoto huyu anajua sarufi kwa kuzaliwa. Ngeli na uakifishaji hufundishwa, kwake kama kwa wengine.

Uonevu mnaujua. Tutasema tu kwamba haugunduliki kwa kuuliza "kuna shida?" mkutanoni. Hugunduliwa kwa kuhesabu. Jumatano na Jumamosi, matroni apite na kuangalia vitu vinne vya kila mgeni: ndoo, blanketi, sabuni, viatu. Ndoo ikikosekana mara mbili, au mikono ya mtoto ikiwa imechubuka kwa kufua kuliko nguo alizo nazo, hapo pana mtu nyuma yake.

Mwisho ni likizo fupi ya katikati ya muhula. Ni siku 4 au 5, na kwa mtoto wetu zote huishia njiani. Shule ikifunga mabweni, mtoto huyu huwa hana pa kwenda, na wapo wanaoandamana na rafiki waliyemjua wiki tano kwenda nyumba ambayo mzazi haijui. Bweni moja libaki wazi na mpishi mmoja, au mzazi aandike tangu Januari jina la mlezi aliye karibu na shule, naye aje shuleni ajulikane kabla ya siku hiyo.

Kwa upande wetu, tumeandaa karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mwalimu wa Gredi ya 9 atamjazia kila mtoto anayeondoka, mzazi akikubali na kutia sahihi: njia atakayopita na siku ngapi, namba mbili za simu na saa za kupatikana, maradhi na dawa, kama amewahi kulala bweni, kama amewahi kugusa vifaa vya maabara, anachokipenda nje ya masomo, na nani ana basari yake na imefika hatua gani. Tutaanza kuzijaza wiki ile ile nafasi za Januari 2027 zitakapotangazwa. Kutoka kwa kila shule tunahitaji jina na namba ya mwalimu mmoja atakayezipokea na kuzisoma kabla ya siku ya kuripoti. Pelekeni majina hayo kwa ofisi ya elimu ya kaunti hapa Amu kabla ya mwisho wa Novemba, nasi tutayachukua hapo.

Wenu,
Walimu wa sekondari msingi, wauguzi na walezi wa watoto,
Lamu